Sura ya Nne Iko kwa Profesa

Dada yangu alipoingia mwaka wa sita wa shahada yake ya uzamivu, nilimwambia kwamba mtoto aliyezaliwa siku aliyojiandikisha sasa anajua kusoma, kuandika na kusema uongo. Hakucheka. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaokataa sindano, akasema, "Mdogo wangu, mimi nimemaliza kuandika zamani. Sura ya nne iko kwa Profesa."

Jibu hilo nilikuwa nalijua. Nililisikia mwezi wa tatu, nikalisikia kwenye harusi ya binti yake, nikalisikia siku mama yetu alipotoka hospitali. Mtu akiuliza habari za masomo, sura ya nne iko kwa Profesa. Shemeji yangu, mume wake, mtu mpole sana, alifika mahali akawa anajibu yeye kabla dada hajafungua mdomo.

Mimi ni fundi wa majalada. Duka langu liko nje ya geti la chuo kikuu, kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani kuna mashine mbili za kutoa kopi, meza ndefu, kisu kikubwa cha kukatia karatasi chenye mkono wa chuma, na harufu ya gundi ambayo mke wangu anasema imeniingia mpaka kwenye mifupa. Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala hatukukosa ada, niliona inatosha. Dada yeye aliendelea. Akawa muuguzi, akawa mkuu wa wodi ya wazazi, akasoma shahada ya kwanza, akasoma ya pili, halafu akiwa na miaka hamsini na moja akasema anataka ya tatu. Alisema amezalisha wanawake miaka ishirini na saba na kuna mambo ameyaona ambayo hayamo vitabuni, na asipoyaandika yeye atakuja kuyaandika mtu ambaye hajawahi kumshika mtoto anayeteleza. Nilimwelewa. Wanafunzi wenzake, wengi wao rika la wanawe, wanamwita Mama Wodi. Mimi wananiita Fundi Gundi, na nimezoea.

Mwaka huo chuo kilitoa rasimu ya sera mpya. Ilibandikwa kwenye ubao karibu na geti, na kwa kuwa nasoma kila kinachopita mbele yangu, niliisoma asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu ubora. Kifungu cha kumi na moja ndicho kilichonisahaulisha chai. Kilisema mwanafunzi wa uzamivu aliyezidisha miaka mitano ataondolewa chuoni kuanzia muhula ujao, na hatarudishwa. Sababu nayo ilitajwa: wanafunzi wa shahada za juu hawana bidii, wanachelewa, na wanashusha hadhi ya chuo.

Nilimpigia simu pale pale. "Umesoma kifungu cha kumi na moja?"

"Mimi ndiye kifungu cha kumi na moja," akasema. "Niko wodini. Nitakuja saa kumi."

Chuo kilitoa siku ishirini na moja kwa yeyote mwenye maoni. Baada ya hapo kamati ya seneti ingekaa siku ya Alhamisi, saa nane mchana, na kila kundi lingepewa dakika kumi. Kundi la dada lilikuwa chama cha wanafunzi wa shahada za juu. Mwenyekiti wake alikuwa kijana mwembamba anayesomea uzamili wa sheria, ambaye hawezi kukusalimu bila kutaja vifungu viwili. Katibu alikuwa binti mkali mwenye miwani mikubwa, anasomea takwimu, na wote tunamwita Takwimu. Chumba walichopewa na chuo kilijaa viti vilivyovunjika, kwa hiyo walikuwa wakikutana kwenye chumba changu cha nyuma, katikati ya maboksi ya karatasi. Niliwakubalia kwa sharti moja: wasiguse kisu.

Wiki tatu waliandika. Nilikuwa nawasikia wakigombea neno moja kama ndugu wanaogombea mpaka wa shamba. Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, Mwenyekiti akaja kwenye meza yangu na kifurushi, amekibeba kwa mikono miwili.

"Fundi, nakala kumi na tano. Jalada gumu, maandishi ya dhahabu."

"Kurasa ngapi?"

"Tisini na nne. Pamoja na viambatisho."

"Na mmepewa dakika kumi."

"Wajumbe watasoma kabla."

"Lini? Leo Jumanne."

"Fundi," akasema kwa upole, "kazi yako ni jalada."

Kweli, kazi yangu ni jalada. Lakini mashine huchukua muda kupata moto, na mimi nikishika karatasi nasoma. Ndivyo nilivyojisomesha miaka yote hii. Nimesoma tasnifu za ng'ombe, za nyota, za saruji, za wafalme waliokufa. Nikaisoma na ile. Sura ya kwanza ilieleza historia ya vyuo vikuu tangu watu waanze kuvaa majoho. Ya pili ilikuwa nadharia. Ya tatu ilieleza kwa nini nadharia ya sura ya pili haitoshi. Nilipofika ukurasa wa hamsini chai ilikuwa imepoa na sijakutana na mwanafunzi hata mmoja.

Dada alipoingia, bado amevaa sare yake ya kazi, nikawaita wote watatu.

"Nimesoma," nikasema. "Sijaona mtu humu."

"Mtu yupi?" Takwimu akauliza.

"Mtu yeyote. Mtu aliyepeleka kazi yake ikakaliwa. Hoja yenu iko ukurasa gani?"

Mwenyekiti akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Inaanza kujitokeza ukurasa wa sabini na moja."

"Kujitokeza!" Dada akaketi juu ya boksi. "Mimi nafukuzwa muhula ujao, na hoja inajitokeza!"

"Mama Wodi, ni lazima kwanza tujenge msingi wa kinadharia."

"Mwanangu, mgonjwa akija anavuja damu, humsomei historia ya damu."

"Na mbona imechukua wiki tatu nzima?" nikauliza.

Mwenyekiti akamtazama Takwimu. Takwimu akatazama viatu vyake.

"Sura ya pili ilikuwa kwangu," akasema. "Nilikuwa naipitia."

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Nyani haoni kundule," nikawaambia. "Mnawashitaki maprofesa kwa kukalia kazi za watu, na hati yenyewe ya mashitaka mmeikalia!" Dada naye akashindwa kujizuia. Ana cheko kubwa, la mtu aliyezoea kufanya kazi katikati ya makelele, na akicheka yeye hata aliyekasirika hujikuta anatabasamu.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alivuta boksi, akaketi, akajishika kichwa.

"Basi nikwambie ukweli, Fundi. Tumejaza nadharia kwa sababu ushahidi hatuna. Sisi tunasema sura ilikaa miezi minane. Msimamizi anasema ameipata wiki iliyopita. Nani aliona? Rasimu zenyewe tunazisukuma chini ya mlango, au tunamwachia karani, au tunaziweka juu ya kiti. Hakuna anayesaini popote. Tukienda pale mikono mitupu watatuambia ni wavivu tunaotafuta wa kumtupia lawama."

"Tarehe zipo," nikasema.

"Zipo wapi?"

Nikavuta rasimu moja iliyokuwa rafuni ikimsubiri mwenyewe, nikaigeuza, nikafungua jalada la nyuma kwa ndani. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na mwandiko wangu wa penseli. Imekuja, tarehe. Imeondoka, tarehe. Chini yake tena: imekuja, imeondoka.

Nikawaeleza. Miaka kumi iliyopita bwana mmoja alinisimamia pale dukani akanifokea mbele za watu kwamba nimemcheleweshea kazi wiki mbili, wakati aliileta jana yake. Sikuwa na cha kumwonyesha, na wateja waliondoka wakiamini yeye. Tangu siku hiyo kila kazi inayopita mikononi mwangu naiandika. Na rasimu haiji mara moja. Mwanafunzi anaipeleka kwa msimamizi. Ikirudi na masahihisho anaileta kwangu, nafungua pete za plastiki, natoa kurasa zilizokataliwa, natia mpya. Naandika tena. Rasimu ikizeeka inakuwa na mistari sita au saba. Wenyewe hawaioni, maana hakuna anayesoma ndani ya jalada la nyuma.

Dada akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho kama wanavyofanya watu wa umri wetu. "Imeondoka tarehe nne mwezi wa tatu," akasoma. "Imekuja tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi na moja." Akapaza sauti. "Jamani, hii ni kadi ya kliniki! Mtoto huyu miezi minane hakuongezeka hata gramu!"

Takwimu alikuwa amekwisha kutoa daftari. "Unaweza kupata ngapi, Fundi?"

"Waambieni wenzenu wachungulie chini ya vitanda vyao. Kila mtu ana rasimu za zamani."

Macho yake yaling'aa, halafu yakafifia. "Lakini sampuli haitakuwa wakilishi. Na tutahitaji kibali cha maadili ya utafiti."

"Kinachukua muda gani?"

"Miezi mitatu. Wakati mwingine minne."

Dada akalipiga boksi kofi. "Binti yangu, huu si utafiti! Ni kila mtu na kitabu chake mkononi. Ruhusa ya kuonyesha kitabu changu natoa mimi mwenyewe, hapa hapa, nimekaa juu ya boksi."

Jumatano duka lilijaa kuliko siku zote. Walikuja na mikoba, na masanduku, mmoja alileta zake kwenye gunia. Rasimu nyingine zilikuwa na alama za vikombe, nyingine zimechorwa na watoto. Jioni tulikuwa na arobaini na moja, na Takwimu ameziorodhesha zote kwa urefu wa kungoja, kuanzia wiki sita mpaka miezi kumi na tatu. Mwenyekiti alikaa kwenye kona akipunguza kurasa tisini na nne ziwe moja. Kila sentensi aliyoifuta aliisoma kwa sauti kwanza, kama anayemuaga maiti. Mwisho yakabaki maombi manne. La kwanza, kazi ikiwa kwa msimamizi, muda wa mwanafunzi usihesabiwe. La pili, msimamizi arudishe sura ndani ya siku thelathini. La tatu, msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi wanane, kama viwango vya taifa vinavyosema na kama chuo chenyewe kilivyokubali kwa saini. La nne, wanafunzi wapewe kiti na kura kwenye kamati ile.

Kitu kimoja tu kilimkaa dada kooni. Alikuwa ameleta sura zake tatu za kwanza. Ya nne, ile yenyewe inayomfukuzisha, hakuwa nayo. Hakuna mtu aliye na nakala iliyoko kwa Profesa isipokuwa Profesa.

Alhamisi wakasema lazima niende nao kwa sababu mwandiko ni wangu. Nilikataa. "Mle ndani kila mtu ana cheo mbele ya jina."

"Na wewe una gundi mbele ya shati," dada akasema. "Badilisha twende."

Mlangoni kulikuwa na bawabu na orodha yake.

"Wewe nani?"

"Fundi wa majalada."

"Hapa wanaingia wadau."

"Basi mimi mdau."

"Mdau wa nini?"

"Wa gundi."

Akafikiri, akaandika, akanipisha.

Tuliingiza rasimu kwa kitoroli changu, ambacho gurudumu moja hulia kama paka aliyekanyagwa. Wajumbe kumi na wawili waligeuka kututazama. Walikaa kwenye meza ndefu yenye chupa za maji, na katikati yao Naibu Mkuu wa Chuo, mama mwenye nywele fupi nyeupe na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa Profesa mwenyewe. Niseme ukweli juu yake: ni mtu mwema. Mnene, mcheshi, hapiti dukani kwangu bila kuuliza hali ya watoto. Hilo ndilo lilikuwa linanikera. Mtu mbaya unamshitaki roho ikiwa imetulia.

Mwenyekiti akasoma ukurasa wake. Alimaliza kwa dakika nne, akavuta pumzi, na nikaona midomo yake inaanza kutengeneza neno "nadharia." Dada akamkanyaga mguu. Akaketi.

Naibu Mkuu akachukua rasimu ya kwanza, akafungua jalada la nyuma. Akachukua ya pili. Akachukua ya tano. Akazisukuma zizunguke, na kwa muda hakukusikika kitu ila majalada yakifunguliwa upande usiozoeleka.

"Nani ameandika hizi tarehe?"

Nikasimama. "Mimi, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nisigombane na wateja."

Wakacheka. Profesa naye alicheka, kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, Fundi namheshimu sana, ni jirani yetu. Lakini tuwe wa kweli. Penseli hii inaonyesha siku kazi ilipotoka dukani kwake. Haionyeshi siku iliyomfikia msimamizi. Mwanafunzi anaweza kukaa nayo nyumbani miezi saba, akaileta wa nane, akasema nimemchelewesha. Na katika hizi zote zilizopita mbele yangu, sijaona hata moja ya mwanafunzi wangu anayesubiri."

Alikuwa na haki. Hilo la penseli nilikuwa sikulifikiria, na wanafunzi wake wengine waliogopa kuleta zao. Mwenyekiti alishuka kwenye kiti kama tairi linalotoka upepo. Wajumbe wawili wakaanza kufunga kalamu zao.

Dada akasimama. Hakuwa kwenye ratiba.

"Samahani, Profesa. Ya kwako haipo hapa kwa sababu iko kwako. Sura yangu ya nne. Nilimwachia karani wako."

"Nitaitafuta, Mama Wodi. Kesho asubuhi, nakuahidi."

"Mbona kesho? Ofisi yako iko ghorofa ya chini."

Naibu Mkuu alimgeukia Profesa. Na Profesa, kwa kuwa ni mwungwana, akatoa funguo mfukoni mwenyewe, akampa karani wa kamati.

Tulisubiri. Mjumbe mmoja mzee aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa kunong'ona kama naweza kutengeneza kamusi yake iliyovunjika mgongo. Nikamwambia ailete Jumatatu.

Karani akarudi ameshika rasimu kwa ncha za vidole. Jalada lilikuwa la bluu nilipolitia. Sasa nusu yake ilikuwa nyeupe.

"Ilikuwa wapi?" Naibu Mkuu akauliza.

"Dirishani, mheshimiwa." Karani alikohoa. "Ilikuwa inazuia dirisha lisijifunge."

Kuna waliocheka na kuna walioinama. Naibu Mkuu akajaribu kuifungua, ikakataa. "Mbona imefungwa?"

"Ni uzi wangu, mheshimiwa," nikasema. "Rasimu mpya naifunga uzi mweupe, urefu na upana, fundo moja, isiharibike njiani. Anayetaka kusoma anaukata."

Uzi ulikuwa mzima, na jua la miezi lilikuwa limelipausha jalada. Hata penseli haikuhitajika tena, lakini mama yule aliomba mkasi, akaukata, akafungua nyuma. "Imeondoka tarehe tisa mwezi wa pili," akasoma. "Leo tuko mwezi wa kumi." Akavaa miwani vizuri. "Profesa, unasimamia wanafunzi wangapi?"

Profesa akaanza kuhesabu kwa vidole. Alimaliza mkono wa kushoto, akamaliza wa kulia, akarudia, akarudia tena. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Ishirini na wawili."

"Ishirini na watatu," dada akasema. "Umenisahau mimi."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Bawabu akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Profesa mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso, akajifuta uso, na alipomaliza kujifuta alikuwa hacheki tena.

"Mheshimiwa," akasema, "wenzangu watatu walistaafu, wanafunzi wao wote wakaletwa kwangu. Nafundisha masomo manne. Kila nikifungua mlango nakuta rasimu nyingine sakafuni. Sijui nianze na ipi, basi sianzi na yoyote. Hiyo ndiyo hali." Akamgeukia dada. "Samahani, Mama Wodi. Sana."

"Viwango vinasema wangapi?" Naibu Mkuu akauliza.

"Wanane," Takwimu akajibu kabla swali halijatua.

"Basi mimi naunga mkono ombi la tatu," Profesa akasema. "Na la kwanza. Na la pili pia, mkinipa hilo la tatu. Andikeni jina langu."

Naibu Mkuu alikuwa bado ameshika sura ya dada. "Fundi mmoja nje ya geti ana kumbukumbu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "na chuo kizima hakina."

"Penseli moja inatosha mwaka mzima, mheshimiwa," nikasema. Dada akanivuta shati nikaketi.

Uamuzi ulibandikwa baada ya wiki mbili, kwenye ubao ule ule. Kifungu cha kumi na moja kilibaki, ila kiliota mkia mrefu. Muda ambao kazi iko kwa msimamizi hauhesabiwi. Siku thelathini zikakubaliwa, na kila idara itakuwa na daftari la kusaini kazi ikiingia na ikitoka. Wanafunzi wanane kwa msimamizi wakakubaliwa, kitu cha kutimizwa ndani ya miaka miwili, na walimu watano wataajiriwa. Ombi la nne lilipita nusu: kiti ndiyo, kura hapana. Mwenyekiti alinuna siku nzima, kisha akaanza kuandika rufaa. Nilipochungulia mara ya mwisho alikuwa ukurasa wa thelathini. Nilimwonyesha kisu, akapunguza hadi nane.

Dada alirudishiwa miezi kumi na tisa: minane ya sura ya nne, na kumi na mmoja ya zile tatu za mwanzo. Hakuna tena wa kumfukuza muhula ujao. Alinunua soda za wodi nzima, na mimi nikapata mbili.

Lakini seneti nayo si ya watoto. Mwishoni mwa ule mkia waliongeza mstari ambao hakuna aliyeuomba: mwanafunzi akirudishiwa sura, masahihisho ayalete ndani ya siku sitini, la sivyo muda unaanza kumla yeye.

Profesa alisoma sura ya nne kwa siku ishirini na sita. Siku ya tatu baada ya kurudishiwa, dada akaja dukani asubuhi, hajavaa sare, na mfuko mzito begani. Akauangusha kwenye meza yangu, akafungua. Kila ukurasa ulikuwa mwekundu.

"Maoni mia moja arobaini na matatu," akasema.

"Ulitaka asome. Kasoma."

"Kasoma mpaka nukta! Anasema jedwali la saba nimejumlisha vibaya."

"Umejumlisha vibaya?"

Akatazama dirishani. "Ndiyo."

"Basi ni profesa kweli."

"Usinichekeshe, sina muda. Nina wodi, nina mjukuu ambaye akiona kalamu anaitaka, nina mume asiyejua chumvi inakaa wapi. Siku sitini! Nani aliyebuni hizi siku sitini?"

"Mlidai viwango, mmepewa. Mkuki kwa nguruwe."

"Nitakupiga na hii sura."

"Zimebaki ngapi?"

"Hamsini na saba."

Nikasogeza maboksi, nikampa nusu ya meza ndefu, upande wenye mwanga. Nikazima ile mashine inayopiga kelele. Alivaa miwani, akatoa kalamu, akainamia ukurasa wa kwanza, na nikaona mabega yake yanashuka, kama anavyokuwa akishaingia kazini.

Mlangoni akasimama mteja, ameshika fomu zake za kutoa kopi.

"Duka limefungwa," dada akasema bila kuinua kichwa.

"Dada, hili duka langu."

"Basi mwambie wewe."

Nikamwambia arudi saa kumi.